Nota Zisizo na Mwaka: Toleo la Kwanza Hutambuliwaje?

Jumamosi moja pale mnada wa Msalato, Dodoma, nilikuwa nimeshamaliza mbuzi wangu na ndizi zangu mbili, napita kwenye mafungu ya mitumba kutafuta koti la mwanangu. Kwenye turubai moja, chini ya rundo la mikoba ya akina mama, palikuwa na kitabu chenye jalada la rangi ya udongo, kona zimeliwa. Nikakivuta. Kumbe ni Messiah ya Handel, nota za sauti nne pamoja na sehemu ya kinanda, imechapishwa na Novello wa London. Muuzaji alikuwa ananiangalia. "Mwalimu, hicho cha wazungu hicho. Lete buku tatu." Tukavutana hadi buku mbili.

Jumapili nikakipeleka mazoezini. Wanakwaya wote wanaijua Aleluya Kuu iliyomo humo, kila Pasaka tunaipigia jasho, ila nota tunazoimbia ni kopi ya kopi ya kopi, mahali pengine huwezi kujua kama ile ni nota au ni mavumbi ya mashine ya steshenari. Kijana mmoja wa besi, anasoma chuo, akakigeuza kitabu mbele na nyuma kisha akaniuliza: "Mwalimu, hili ni toleo la kwanza? Nasikia huko Ulaya matoleo ya kwanza ya nota yanauzwa pesa ndefu." Nikamwambia siyo. "Umejuaje, na hakuna mwaka umeandikwa?"

Swali lake ndilo linalowasumbua watu wa fani hii tangu mwanzo.

Kitabu cha shule cha Kiswahili ukikifungua, nyuma ya ukurasa wa jina unakuta "Chapa ya kwanza" na mwaka wake, "chapa ya pili" na mwaka wake, mpaka basi. Nota za muziki wa Ulaya za karne ya 18 na 19 kwa kawaida hazina kitu hicho, na si kwa kusahau. Ni biashara. Aliyekwenda dukani Vienna au Paris kununua nota alitaka kitu kipya cha kupiga sebuleni wageni wakija, na karatasi yenye mwaka wa zamani ingeonekana imechacha. Mchapishaji naye alikuwa na mabamba ya chuma yaliyochongwa nota, yamekaa stoo, ambayo angeweza kuyachapa leo, mwakani, na miaka ishirini baadaye. Kwa nini ajichongee kwa kuandika mwaka? Akauacha. Kazi yote ya mkusanyaji wa nota adimu ni kuurudisha mwaka ule kwa kutumia vitu vingine vilivyobaki kwenye karatasi.

Kabla ya kwenda mbele, maneno mawili yasitukoroge. Toleo ni muziki ukipangwa na kuchongwa upya. Chapa ni mara moja ya kupiga nakala kwa mabamba yale yale. Toleo moja linaweza kuwa na chapa nyingi, na kati ya chapa na chapa mchapishaji akabadilisha bei, anwani, au akasahihisha nota mbili tatu. Mkusanyaji anapotamka "toleo la kwanza" moyoni anawaza chapa ya kwanza ya toleo la kwanza, kabla mtu hajagusa chochote. Muuzaji mara nyingi anawaza tu kwamba karatasi ni nzee.

Sasa tuingie kwenye bamba lenyewe, kwa sababu ukilielewa bamba mengine yanajifungua.

Ottaviano Petrucci ndiye aliyechapa kitabu cha kwanza cha nyimbo za sauti nyingi kwa herufi za chuma, Venice, mwaka 1501. Alipitisha karatasi mashineni zaidi ya mara moja, mistari kwa zamu yake na nota kwa zamu yake, na zikaangukiana vizuri hata leo ukiangalia unashangaa. Lakini njia iliyotawala muziki tunaouita wa kiklasiki ilikuwa nyingine: kuchonga ukurasa mzima kwenye bamba. Mwanzoni lilikuwa la shaba. Baadaye, kuanzia karne ya 18, likawa bamba laini la mchanganyiko wenye bati na risasi, ambalo ni rahisi na halisumbui mkono.

Mchongaji alifanya kazi kinyumenyume, kushoto kuwa kulia, kwa kuwa chapa hugeuza. Alikokota chombo chenye meno matano kikachora mistari mitano kwa mara moja. Kichwa cha nota hakukichora. Alikuwa na vijiti vya chuma vyenye umbo tayari, anaweka, anagonga kwa nyundo, tap, shimo limeingia. Mikia ya nota na yale matao ya kuunganisha sauti aliyakata kwa kisu cha mkono. Akikosea, analigeuza bamba, anagonga kwa nyuma mpaka chuma kiinuke, analainisha mbele, kisha anagonga nota sahihi palepale. Kidonda hakiponi kabisa. Kwenye nakala nyingi za zamani, ukiangalia karibu, utaona kivuli cha nota iliyofutwa kando ya nota iliyowekwa, kama jina la mpangaji aliyehama lililopakwa rangi juu ya mlango.

Bamba lilipobanwa mashineni liliacha alama ya ukingo wake kwenye karatasi, fremu iliyodidimia kuzunguka nota. Funga macho, pitisha kidole pembeni mwa ukurasa, utaisikia. Karibu na mwisho wa karne ya 18 Alois Senefelder wa Munich aligundua uchapaji wa kutumia jiwe na mafuta, na kadiri karne ya 19 ilivyosonga wachapishaji wakawa wanahamisha sura ya bamba kwenda kwenye jiwe ili mashine iende haraka na bamba lisichakae. Jiwe haliachi fremu. Kwa hiyo kazi ya miaka ya 1790 ikiangukia mikononi mwako na kidole chako hakisikii kitu, anza kuwa na wasiwasi. Vilevile chuma laini huchakaa: mistari inakatika, bamba linapata ufa, na ufa huo unaonekana kama uzi mweusi unaokatiza nota. Nakala ambayo ufa ni mfupi imetangulia nakala ambayo ufa umefika ukingoni. Hapo una mfuatano, hata kama huna tarehe.

Na chini ya kila ukurasa, katikati, pana kinamba. Wengi huwa hawakioni.

Mchapishaji mwenye maelfu ya mabamba stoo alihitaji njia ya kuyapata, hivyo kila kazi ilipewa namba na ikagongwa kwenye kila bamba lake. Namba kwa kiasi kikubwa zilifuatana jinsi kazi zilivyoingia. Ukizijua kazi tano sita za mchapishaji mmoja ambazo tarehe zake zinajulikana, labda kwa tangazo la gazeti la Vienna au kwa orodha za nota mpya za kila mwezi ambazo Hofmeister wa Leipzig alianza kuzitoa mwaka 1829, unaweza kukisia namba iliyo katikati ni ya lini. Ni sawa na kukisia umri wa gari la Dodoma kwa herufi za namba yake ya usajili: hukuwepo liliposajiliwa, lakini unajua lililotangulia ni lipi.

Aliyezikusanya namba hizo na kuzichapisha kwa faida ya wote ni Otto Erich Deutsch, mwaka 1946. Wapiga piano wanamjua kwa herufi D inayokaa mbele ya namba za kazi za mtunzi Schubert. Kabla ya hapo alikuwa mtunza maktaba wa Mholanzi mmoja tajiri aliyeishi Vienna, Anthony van Hoboken, ambaye alikusanya matoleo ya kwanza na ya mapema yanayozidi 5,000. Katika kuyapanga, Hoboken alianza kuandika kadi za kazi za mtunzi Haydn, na kadi hizo zikazaa orodha kamili. Ndiyo maana leo kazi za Haydn zina "Hob." mbele yake. Austria iliununua mkusanyo wake mwaka 1974 na uko Maktaba ya Taifa huko Vienna. Mimi hupenda sana kwamba orodha inayotumiwa na dunia nzima ilianza na mtu aliyekuwa anajaribu kujua tu ana nini kabatini.

Ila namba ya bamba ina mtego. Haibadiliki. Nakala iliyochapwa wiki ya kwanza na iliyochapwa miaka thelathini baadaye zina namba ileile, maana bamba ni lilelile. Hapo ndipo unapogeukia ukurasa wa jina, na usiuangalie kwa ajili ya urembo. Soma bei. Bei ikipanda, bamba la ukurasa wa jina lilirekebishwa. Soma anwani: wachapishaji walihama mitaa, waliingia ubia, walikufa wakaacha wajane na wana, na kila badiliko liliandikwa pale. Soma pia jina la kazi. Ile sonata ya Beethoven ambayo watu huiita ya "mwanga wa mwezi" ilitoka kwa Cappi, Vienna, mwaka 1802, na ukurasa wake hauna mwezi wala mwanga. Unasema ni sonata ya mtindo wa fantasia. Mwezi uliletwa baadaye na mkosoaji Ludwig Rellstab. Ukiuziwa "toleo la kwanza" lenye mwezi jaladani, rudisha.

Makosa nayo ni ushahidi, na mara nyingi ndiyo ushahidi mtamu kuliko wote. Simfoni ya Tano ya Beethoven, ile ya ta-ta-ta-taaa, ilitoka kwa Breitkopf & Härtel mwaka 1809. Haikutoka kama kitabu kizima. Zilitoka karatasi za kila chombo peke yake, za violini, za filimbi na kadhalika. Kitabu chenye vyombo vyote pamoja kilisubiri hadi 1826. Mwaka 1810 Beethoven aliwaandikia wachapishaji kwamba katika sehemu ya tatu wameacha humo vipimo viwili vya ziada, yaani vile vijumba vya nota kati ya mistari ya wima, ambavyo havitakiwi. Hawakuviondoa. Watu wakavipiga hivyo hivyo miaka na miaka. Kwa hiyo ukiuliza toleo la kwanza la Simfoni ya Tano ni lipi, lazima uulizwe nawe: unataka la 1809 la karatasi za wapigaji, au la 1826 la kitabu? Mkusanyaji atajibu 1809. Mwanamuziki wa kawaida hata hajui kwamba kuna swali.

Kwa Chopin mambo yanakuwa mabaya zaidi. Enzi zake hapakuwa na mkataba wa kulinda kazi ya mtunzi nje ya nchi. Mkataba wa Bern ulikuja 1886, na yeye alishafariki 1849. Ukichapisha Paris tu, kesho mtu wa Leipzig anakunakili bure. Kinga ilikuwa kuuza kazi moja kwa wachapishaji watatu, wa Ufaransa, Ujerumani na Uingereza, na kujitahidi zitoke karibu siku moja. Basi kazi moja ina matoleo ya kwanza matatu, na hayafanani, kwa sababu Chopin alizoea kubadilisha vitu hadi dakika ya mwisho, nchi moja ikapata badiliko na nyingine ikalikosa. Wessel wa London akaongeza chumvi yake: aliwabandikia wateja majina ya kuvutia, nokturni (vipande vya usiku vya piano) za opus 9, yaani zilizopewa namba 9 kwenye kazi zake, akaziita "Minong'ono ya mto Seine", skerzo ya opus 20 ikawa "Karamu ya kuzimu". Chopin alikereka. Leo nakala zenye majina yale ya kero ni vitu vya kutafutwa.

Wakati mwingine la kwanza liko mahali ambapo hukutarajia kabisa. Für Elise, ambayo kila kinanda cha watoto cha betri kinaijua, haikuchapishwa Beethoven akiwa hai. Alifariki 1827. Ilionekana mara ya kwanza 1867, ndani ya kitabu cha barua za Beethoven alichokiandaa Ludwig Nohl. Na ule mswada ambao Nohl aliunakili umepotea. Anayetaka toleo la kwanza la Für Elise anatafuta kitabu cha barua.

Nirudi kwa Handel, maana ndiye aliyenianzishia haya. Aliitunga Messiah mwaka 1741, ikaimbwa mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742. John Walsh wa London alitoa nyimbo za waimbaji wa pekee, bila kwaya. Yaani Aleluya Kuu haimo! Kitabu kamili cha nota zote kilitolewa na Randall na Abell mwaka 1767, miaka minane tangu Handel azikwe. Randall ndiye aliyerithi duka la Walsh, mabamba ya zile nyimbo akayatumia tena, akachongesha yaliyopungua. Ndani ya toleo la kwanza la kitabu mna mabamba yaliyokuwa na umri tayari. Mtu anayependa mambo yaliyonyooka atafute hobi nyingine.

Kuhusu bei nisiseme mengi. Uadimu na thamani si ndugu wa damu. Bach alipofariki 1750, wanawe waliitoa kazi yake Sanaa ya Fuga mwaka 1751, na kufikia 1756 zilikuwa zimeuzwa nakala kama thelathini hivi; mwanawe Carl Philipp Emanuel akatangaza kuyauza mabamba. Nakala ya toleo hilo leo ni adimu na ni ghali. Lakini kuna matoleo ya kwanza ya watunzi waliosahaulika ambayo ni adimu vilevile na yanakwenda kwa bei ya kilo mbili za nyama, maana hakuna anayeyataka. Na zile pesa ndefu ambazo kijana wangu wa besi alizisikia mara nyingi ni za miswada ya mkono: Simfoni ya Pili ya Mahler, kwa mwandiko wake mwenyewe, iliuzwa London mwaka 2016 kwa zaidi ya pauni milioni 4.5. Huo si uchapishaji. Mswada ni mmoja duniani.

Mimi mwenyewe nimeshapigwa. Miaka kadhaa nyuma nilimtumia pesa muuzaji mmoja wa nje kwa "toleo la kwanza" la vipande vya watoto vya Robert Schumann, ambavyo vilitoka kwa Breitkopf & Härtel mwaka 1839. Bahasha ilipofika posta nilikuwa nimevaa shati safi kabisa. Nikaufungua ukurasa wa jina. Juu ya jina la mchapishaji paliandikwa kwamba limesimamiwa na Clara Schumann. Clara alisimamia toleo la kazi zote za marehemu mumewe kati ya 1879 na 1893. Sikuhitaji hata kupitisha kidole. Mchapishaji ni yuleyule, muziki ni uleule, miaka imepishana arobaini. Sidhani muuzaji alikuwa tapeli. Aliona Breitkopf, akaona karatasi ya njano, akaridhika.

Hiyo karatasi ya njano ndiyo inayowadanganya wengi. Watu hudhani nota ikiwa kahawia na inapasuka ndiyo ya zamani zaidi. Ni kinyume chake. Karatasi ya miaka ya 1790 ilitengenezwa kwa matambara ya nguo. Ni ngumu, inatoa sauti ukiikunja, na mara nyingi bado nyeupe. Karatasi ya mbao iliyotawala kuanzia nusu ya pili ya karne ya 19 ina asidi ndani yake, inajila yenyewe. Nyanyua karatasi ya matambara juu ya jua la saa nne la Dodoma, utaona alama ya maji ya kiwanda, pengine na mistari myembamba ya chekecheke iliyochotea rojo. Kwa kazi hiyo jua letu halina mpinzani. Usiliache tu kitabu hapo, litakipausha wiki moja.

Ukavu wetu huku kati ni baraka kwa karatasi: ukungu unaowatesa wenzetu wa Tanga na Zanzibar sisi tunausikia tu masika. Adui zetu ni wengine. Vumbi jekundu hujipenyeza kwenye kila mkunjo. Mchwa haongei, unamkuta ameshamaliza tenori anaingia besi. Weka kwenye boksi la chuma, liinue kutoka sakafuni, na kwa heshima ya wazee wako usitumie selotepu. Gundi yake hubaki kahawia baada ya plastiki kudondoka, na hapo hakuna fundi wa kukusaidia.

Huhitaji kununua chochote ili kujifunza kuangalia. Maktaba ya mtandaoni iitwayo IMSLP, iliyoanzishwa 2006 na kupewa pia jina la Petrucci, ina picha za matoleo mengi ya kwanza, bure. Nilimkalisha yule kijana mbele ya simu yake, bando lake, tukafungua Messiah ya 1767 na kuiweka kando ya kitabu cha Msalato.

"Haya, niambie."

Akaanza kwenye ukurasa wa jina. Jina la mhariri, Ebenezer Prout. Toleo la Prout lilitoka 1902, kwa hiyo limechelewa nyuma ya la Randall miaka 135. Hilo likaisha. "Basi ni la 1902?" Nikamwonyesha anwani: Wardour Street. Novello walihamia huko mwaka 1906. Si chapa ya kwanza hata ya Prout. Kisha bei jaladani, shilingi na peni, herufi s na d. Waingereza waliziacha Februari 1971. Akakaa kimya akihesabu. "Kati ya 1906 na 1971." Karatasi ni ya mbao, imekuwa kahawia pembeni. Pitisha kidole: hakuna fremu. Ndiyo hivyo, kitabu cha kwaya cha kawaida, kama vingine vilivyochapwa kwa wingi.

Halafu akafika kwenye Aleluya. Kwenye mstari wa alto, kwa penseli, mtu ameandika maneno ya Ufunuo kwa Kiswahili, ameyakatakata yakae chini ya nota: a-me-mi-li-ki. Silabi zimezidi. Kwenye kipimo kimoja amezifuta akajaribu tena, akafuta, mpaka karatasi ikachanika kidogo, na mwisho akazibana silabi mbili kwenye nota moja ya robo. Akina mama wa alto wakakusanyika kuona. Mmoja akaimba vile ilivyoandikwa, polepole. Ilikaa.

Tuligeuza kila ukurasa kutafuta jina la mwenye penseli. Halipo. Na yeye hakuweka mwaka.